Lebo Haichaji Simu: Kuhusu Uchaguzi wa Betri Kisumu na Ufuoni mwa Ziwa

Katika maduka na vibanda vya mafundi wa simu mjini Kisumu, kuanzia Barabara ya Oginga Odinga hadi Kondele, na vilevile katika miji ya ufuoni kama Mbita, Usenge na Homa Bay, imezoeleka kuaminiwa kwamba betri ya kubadilisha huchaguliwa kwa kusoma lebo, na kwamba lebo njema ni ile yenye neno "original" pamoja na namba kubwa kuliko iliyokuwa kwenye betri ya zamani. Mnunuzi huuliza kama ni "OG", yaani "original", muuzaji huapa kuwa ni OG, bei hupanda kidogo kwa ajili ya kiapo hicho, na mauzo huisha. Imani hii imekosea katika pande zake zote mbili. Kwa simu nyingi zinazofika mikononi mwa mafundi wa eneo hili, yaani simu za miaka mitatu, minne au zaidi ambazo viwanda vimekwisha kuacha kuzitengeneza, betri inayouzwa kwa jina la kiwanda mara nyingi ndiyo chaguo baya; nayo namba kubwa iliyochapishwa juu yake haiwezi hata kuwa kweli. Zipo sifa zinazopimika ambazo zingestahili kuamua, na iliyo muhimu kuliko zote ni volti ambayo karibu hakuna mnunuzi anayeiuliza.

Jambo hili si dogo kwa mtu wa ziwani. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka 2007, simu imekuwa pochi, daftari la madeni na njia ya kupokea malipo ya mzigo, kiasi kwamba mchuuzi wa omena ambaye simu yake huzimika saa nane mchana hapungukiwi na maongezi tu, bali hukosa fedha zake mwenyewe mpaka apate mahali pa kuchaji. Mtu wa namna hiyo anapouziwa betri mbovu, hasara yake haifidiwi na kiapo cha mtu yeyote.

Betri ya simu ya kisasa ni ya lithiamu-ayoni, aina iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991, na ambayo John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyoizaa. Ndani yake chembe za lithiamu zenye chaji ya umeme husafiri baina ya ncha mbili zikipita katika kimiminika kiitwacho elektroliti: simu inapochajiwa huelekea ncha hasi, na inapotumika hurejea ncha chanya. Safari hizo hujenga utando mwembamba juu ya ncha hasi, na utando huo hula lithiamu ambayo haitarudi tena kazini, ndiyo maana baada ya mizunguko kamili mia tano hivi ya kuchaji na kutumia, betri nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa mwanzo. Jambo ambalo lebo hailisemi ni kwamba utando huo haungoji simu itumike ndipo ukue. Hukua hata betri ikiwa ndani ya kifurushi chake rafuni, na hukua kwa kasi zaidi penye joto. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, lakini haina ubaridi wa nyanda za juu za Kenya. Joto la mchana hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na ndani ya kibanda cha mabati hupanda zaidi ya hapo. Betri, kwa hiyo, ni bidhaa inayoharibika, na mnunuzi angepaswa kuikabili kama mama wa sokoni anavyomkabili mbuta pale Dunga, ambapo hufunua matamvua na kubonyeza nyama bila kujali samaki ameletwa na mtumbwi wa nani.

Ukweli huo ukikubaliwa, dai la uhalisi hugeuka dhidi ya wanaolitetea. Simu ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza miaka minne iliyopita mara nyingi haina tena betri mpya zinazotoka kiwandani humo, kwa hiyo kitu kinachouzwa leo kama betri yake halisi huwa ni mojawapo ya vitu vitatu. Huenda ikawa ni betri ya kweli iliyotengenezwa zamani na kukaa ghalani miaka yote hiyo, ikizeeka pole pole na kupoteza chaji kidogo kidogo mpaka volti yake ikashuka chini ya kiwango salama. Hapo baadhi ya wauzaji huiamsha kwa mashine ya kuchajia betri nje ya simu, ingawa katika seli iliyoshuka kiasi hicho huenda shaba iliyo ndani yake imeanza kuyeyukia kwenye elektroliti, na inapochajiwa tena shaba hiyo inaweza kuganda mahali pasipofaa na kuunganisha ncha mbili zisizotakiwa kugusana. Huenda ikawa imetolewa katika simu iliyovunjika kioo, ikafutwa vumbi na kuvishwa karatasi mpya. Au basi ni ya kughushi tangu mwanzo. Katika hali zote tatu neno "original" halimwambii mnunuzi chochote kuhusu kitu anachohitaji kukijua, ambacho ni umri na afya ya seli iliyo ndani.

Watetezi wa lebo hujibu kwamba jina la kampuni kubwa ni dhamana. Jibu hilo linasahau kwamba kampuni nyingi za simu hazitengenezi seli zao, bali huzinunua kwa watengenezaji wengine ambao majina yao hayafiki kwenye tangazo lolote. Samsung ilitoa simu ya Galaxy Note 7 mwezi Agosti 2016, ikaagiza simu hizo zirudishwe mwezi uliofuata kwa sababu ya moto, ikawapa wateja nyingine zenye seli za mtengenezaji wa pili, nazo pia zikawaka, na mwezi Oktoba ikaacha kuitengeneza kabisa. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulionyesha kasoro mbili tofauti: katika seli za kwanza pembe ya ncha hasi ilikuwa imepinda kwa kukosa nafasi, na katika zile za pili kulikuwa na mabaki makali ya uchomeleaji yaliyoweza kutoboa kizuizi baina ya ncha. Betri zote hizo zilikuwa halisi kwa maana kamili ya neno hilo. Kabla ya hapo, Agosti 2007, Nokia ilitoa tahadhari kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, kwa kuwa baadhi zilipata joto kupita kiasi zilipokuwa zikichajiwa. Kinachofaa kukumbukwa katika kisa cha Nokia ni namna betri za hatari zilivyotambuliwa: zilijulikana kwa mtengenezaji wake na kipindi cha kutengenezwa kwake, mambo ambayo jina la Nokia peke yake lisingeweza kuyafichua.

BL-5C ndiyo betri inayofaa zaidi kuonyesha udhaifu wa nusu ya pili ya imani hii, yaani ile ya namba kubwa, kwa sababu bado inatumika katika simu za vitufe ziitwazo kabambe na katika redio ndogo nyingi. Ujazo wa betri hutajwa kwa miliampea-saa, ambazo huandikwa mAh na kueleza ni mkondo kiasi gani unaweza kutolewa kwa muda gani. Lakini nishati yenyewe hupatikana kwa kuzidisha ujazo huo na volti, na kipimo chake ni wati-saa. BL-5C ya Nokia iliandikwa 1,020 mAh kwa volti 3.7, sawa na wati-saa 3.8 hivi, na umbo lake, kwa urefu wa milimita 53, upana wa 34 na unene usiofika 6, lina nafasi ya takriban sentimita za ujazo 10. Hata seli za hali ya juu za simu ghali za leo, zinazobeba takriban wati-saa 0.8 katika kila sentimita ya ujazo, zingejaza nafasi hiyo kwa wati-saa 8, yaani kama 2,100 mAh, na hapo bado hazijahesabiwa karatasi ya nje wala bodi ndogo ya umeme iliyo kichwani. Betri ya umbo hilo iliyochapishwa 3,000 mAh au zaidi, kwa hiyo, inasema jambo lisilowezekana, na hakuna haja ya maabara kulibaini. Anayeinunua kwa sababu ya namba hiyo amemlipa mtu aliyeonyesha waziwazi, juu ya karatasi, kwamba yuko tayari kudanganya, na hana sababu ya kuamini maandishi mengine yaliyo kwenye karatasi hiyohiyo.

Hesabu hiyo yafaa pia kwa simu kubwa. Seli ya 5,000 mAh kwa volti 3.85 ina wati-saa 19 na zaidi, na seli ya kweli ya kiasi hicho huwa na uzito wa kati ya gramu 60 na 75. Mizani ndogo ya sonara yatosha kuonyesha kwamba betri ya gramu 40 haiwezi kubeba kinachodaiwa. Uzito haumalizi shaka zote, kwa maana betri nzito yaweza kuwa mbovu. Lakini wepesi ni ushahidi ambao hakuna kiapo kinachoweza kuupinga.

Suala la volti ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalofanya kishawishi cha namba kubwa kiwe cha hatari, si cha hasara pekee. Lebo kamili ya betri ya simu hubeba volti mbili. Ya kwanza ni ya wastani, ile inayotajwa kama 3.7 au 3.85, na ya pili, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo, ni volti ya kikomo, yaani kiwango ambacho chaji haipaswi kukivuka. Kwa miaka mingi seli zilikomea volti 4.2. Baadaye watengenezaji walibadilisha kemikali ili seli zistahimili 4.35, kisha 4.4 na zaidi, kwa kuwa kila nyongeza ya kikomo huongeza nishati bila kuongeza unene. Kikomo hicho hakiamuliwi na chaja ya ukutani kama wengi wanavyodhani, bali na sakiti iliyo ndani ya simu, ambayo ilipangwa kiwandani kwa ajili ya seli ya aina moja. Simu iliyopangwa kwa 4.4 ikiwekewa seli ya 4.2, sakiti inaweza kuendelea kuisukuma seli hiyo kupita kiwango chake kila usiku inapochajiwa. Hapo elektroliti itaanza kuvunjika na kutoa gesi, na baada ya wiki au miezi kadhaa mwenye simu ataona kioo kimeinuka upande mmoja na kuambiwa kwamba betri imefura kwa bahati mbaya. Bahati haihusiki hapo hata kidogo. Makosa ya upande wa pili, yaani seli ya 4.4 ndani ya simu ya 4.2, hayana hatari: seli haitajaa kikamilifu, itapoteza sehemu ya uwezo wake, lakini haitateswa. Kati ya betri yenye jina la kampuni isiyoonyesha volti ya kikomo na betri ya mtengenezaji mwingine inayoionyesha na kulingana na simu, ya pili ndiyo ya kuchukuliwa.

Sehemu nyingine ambayo mnunuzi haioni ni bodi ya ulinzi, kibao chembamba kilichofichwa chini ya mkanda wa rangi ya dhahabu mwanzoni mwa seli, ambacho kazi yake ni kukata umeme seli inapozidishiwa chaji, inapokaushwa kupita kiasi au inapopigwa shoti. Juu ya kibao hicho, au kando yake, huwekwa themista, yaani kipingamizi ambacho ukinzani wake hubadilika kwa joto, ili simu ijue kama seli imepata moto na kusimamisha kuchaji. Betri za bei ya chini mno huweka badala yake kipingamizi cha kawaida chenye thamani isiyobadilika, kwa hiyo simu huonyeshwa siku zote kwamba betri iko katika joto la kawaida, hata ikiwa imefungwa kwenye usukani wa bodaboda katika jua la saa saba au inachajiwa ndani ya kibanda cha sola kisichopitisha hewa. Udanganyifu wa namna hii unaweza kubainika: fundi mwenye mita hupima pini ya themista, huikumbatia betri kwa viganja vyake kwa muda, kisha hupima tena, na thamani isipobadilika anajua alichoshika. Ni kipimo kifupi kuliko muda wa kubishania bei, na fundi asiyekubali kukifanya mbele ya mteja anapaswa kuachwa.

Pingamizi lenye nguvu zaidi dhidi ya hoja hizi ni kwamba betri zisizo za kiwanda ndizo zinazosikika zikifura na kuungua, na kwamba zipo simu, kama iPhone za miaka ya karibuni, zinazoonyesha onyo pale ambapo betri haikutambuliwa kuwa ya kampuni. Sehemu ya kwanza ina ukweli ndani yake na haifai kukwepwa: soko la betri za watengenezaji wengine lina takataka nyingi, na simu ambayo bado inatengenezwa, ambayo kituo rasmi cha huduma kinaweza kuiwekea betri ya mwaka huu pamoja na udhamini wa maandishi, inapaswa kupelekwa huko bila mjadala. Lakini hali hiyo haifanani na ya mteja wa kawaida wa Kondele, mwenye simu ya zamani na betri ya kwenye kifurushi cha plastiki. Takataka anazoogopa ndizo hizohizo zinazovishwa neno "original", kwa kuwa anayeghushi hana sababu ya kughushi jina lisilojulikana. Ama kuhusu onyo la kwenye kioo, hilo hutegemea namba ya utambulisho iliyo ndani ya bodi. Linajua betri imetoka kwa nani, lakini halipimi ubora wa seli.

Hoja nyingine hudai kwamba serikali imekwisha kulishughulikia tatizo. Ni kweli kwamba mwishoni mwa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliamuru simu za kughushi zizimwe katika mitandao, na zaidi ya milioni moja zikazimwa. Hilo liliwezekana kwa sababu kila simu hujitambulisha kwa mtandao kwa namba yake ya IMEI. Betri haina namba ya namna hiyo, haijitambulishi kwa mtandao wowote, na hakuna swichi ya Nairobi inayoweza kuifikia ikiwa ndani ya simu ya mvuvi wa Mfangano. Ulinzi pekee uko pale inapouzwa na pale inapofungwa.

Na kuifunga si kazi ya kudharauliwa. Betri nyingi za sasa zimegandishwa kwa gundi, na fundi anayeibandua kwa bisibisi ya chuma huweza kuikunja au kuitoboa seli, jambo linaloweza kuleta moto papo hapo. Anayefaa hupasha mgongo wa simu kwa kiasi, hutumia kibanzi cha plastiki, na husafisha gundi ya zamani ili betri mpya ilale bila kushinikizwa. Simu iliyokuwa ikizuia maji hupoteza uwezo huo mara tu mgongo wake unapofunguliwa, isipokuwa gundi ya ukingoni irudishwe upya, na katika ufuo ambako watu huingia mitumbwini na simu mfukoni hilo ni jambo la kuulizwa kabla, si baada ya simu kunywa maji.

Wapo pia wanaoikataa betri ya kubadilisha ya aina yoyote, wakisema kwamba simu iliyochoka inunuliwe upya, hasa sasa ambapo mipango ya kulipa kidogo kidogo, kama ule uliozinduliwa na Safaricom na Google mwaka 2020 kwa shilingi 20 kwa siku, imeleta simu mpya karibu na kila mtu. Ushauri huo huchukua ugonjwa wa betri kuwa uzee wa simu. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu yake ilikuwa ikipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla, na ikashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Wengi waliobadilisha waliona kasi imerudi. Seli iliyozeeka hushindwa kutoa mkondo wa ghafla ambao prosesa huuhitaji, na simu za kampuni nyingine pia huzimika zikiwa na asilimia 20 au 30 kwa sababu hiyo. Kumshauri mtu aingie deni la muda mrefu kwa tatizo la kipande cha gramu 65 ni kumwonea.

Kwingineko duniani sheria imeanza kulichukua suala hili kwa uzito unaostahili: kwa kanuni ya mwaka 2023, Umoja wa Ulaya utataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kuondolewa na mtumiaji mwenyewe, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Kenya haihitaji kungoja hapo. Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata maelezo yanayomwezesha kufaidika nazo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ipo. Shirika la Viwango la Kenya, ambalo tayari linasimamia alama ya ubora ya bidhaa zinazoingizwa nchini, lisiiruhusu alama hiyo kukaa juu ya betri yoyote ya simu ambayo haikuchapishwa tarehe ya kutengenezwa, volti ya kikomo, wati-saa na jina la mtengenezaji wa seli, na wakaguzi wake waende na mita na mizani hadi Kondele na Mbita. Nao wanunuzi wasingoje wakaguzi: waulize tarehe, waulize volti ya kikomo na kuilinganisha na ile iliyo kwenye betri ya zamani, wadai risiti yenye udhamini wa miezi iliyotajwa kwa maandishi, na pale muuzaji anaposhindwa kuyajibu hayo na kurudi kwenye neno "original", waende kibanda kinachofuata.